Kopo la Mtaa Wetu

Nimeamua kuandika kwa sababu kusema kumenishinda. Kwa nini kumenishinda utajua huko mbele, usiwe na haraka.

Jioni ile nilitumwa koti.

Koti jeupe la daktari. Mke wake alinipigia simu jua likizama, na sauti yake ilikuwa imeshajaa haraka za watu wakubwa. "Sista, mheshimiwa kesho anafunga kampeni na koti lake liko kliniki. Lichukue, ulipige pasi, asubuhi dereva atalipitia." Hakusema tafadhali wala asante. Mumewe alikuwa hajachaguliwa bado, lakini nyumbani kwao walishaanza kuitana waheshimiwa mezani.

Nilicheka peke yangu. Miaka kumi na mmoja nimekuwa msaidizi wake katika kliniki ya meno, na koti lile sijamwona nalo hata siku tatu mfululizo. Kazini alivaa fulana iliyolowa jasho kwenye kola. Koti lilianza kuvaliwa siku aliyotangaza kugombea ubunge. Jukwaani, juani, kalamu tatu mfukoni, utadhani kuna mtu anang'olewa jino kwa kalamu.

Watu wakambandika jina la Daktari Tabasamu. Yeye badala ya kuona haya, akalichapisha kwenye mabango.

Kila Jumamosi alikuwa na kambi ya kujitolea katika shule ya mtaa mmojawapo. Kutibu meno bure. Nami nilikuwapo kila kambi, nimeshika vichwa vya watu, kwa hiyo nisimuliwe na nani? Kuziba jino kunachukua dakika arobaini na hakuna picha ya maana utakayopata. Kung'oa ni dakika tano, halafu unalinyanyua jino juu na koleo, mgonjwa anachekea kamera na pamba mdomoni, kesho yake picha iko kila simu. Basi akawa anang'oa tu. Meno ambayo yangezibika, yakang'olewa. Na wale watu wazima wenye akili zao wakawa wanapanga foleni tangu alfajiri, wakitoka hapo wanapiga kelele kwa midomo yenye ganzi:

"Mdomo mmoja, kauli moja!"

Ndiyo ilikuwa kaulimbiu yake. Niliwadharau sana wale watu. Mtu katolewa gego zima, bado anashukuru. Nilijiona mimi ndiye mwenye macho peke yangu katika nchi ya vipofu.

Jambo moja lilinikera zaidi ya yote. Katika kazi yetu, kinachotoka mdomoni mwa mtu hakikai hivihivi. Kinachemshwa kwanza, ndipo mengine yafuate. Mikono yangu imezoea hivyo, hata usingizini inaweza. Lakini tangu kambi zianze, daktari alinikataza. "Meno haya usiyachemshe, Sista. Ni ya utafiti. Yaache na damu yake." Akaleta makopo ya bati yenye vifuniko, na mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri, nikabandika karatasi kwenye kila kopo: mtaa wa shule, mtaa wa kisima, mtaa wetu. Utafiti! Mtu ambaye hajasoma hata gazeti tangu aoe.

Sasa nije kwa mama yangu, maana kisa hiki ni chake.

Mama alikuwa mwanamke wa mdomo. Mtaani walimwogopa kuliko mwenyekiti. Mimi mwanawe alinibatiza jina la Sufuria-lisilo-na-mfuniko, kwa sababu eti kila nikijazwa kitu lazima kimwagike, na alikuwa akiniita hivyo mbele ya wageni. Daktari alipokuja mtaani kwetu kuomba kura, mama alisimama akasema, "Baba, miaka yote umetuambia tupanue midomo. Leo panua wewe, tuone ndani mna nini." Watu wakaangua kicheko. Daktari naye akacheka, meno yote nje.

Jumamosi iliyofuata kambi ilikuwa kwetu. Kiti kitupu. Kwa mzaha ule wa mama watu wanaogopana, nani aanze. Daktari akaninong'oneza, "Sista, mlete mama. Akikaa yeye, watakaa wote."

Nikaenda kumleta. Mimi! Alikuwa na gego la chini upande wa kushoto, likimsumbua akinywa maji ya baridi. Lingezibika. Nilijua lingezibika. Lakini kamera zilikuwa zinasubiri, nami nikamshika mama yangu kichwa kwa mikono miwili wakati daktari anahangaika na mzizi mmoja uliopinda kama ndoana. Lilipotoka, akaliinua juu, watu wakashangilia.

Tangu siku hiyo mdomo wa mama ukawa unanuka karafuu, kama dawa ya ganzi haijaisha. Siku ya tatu alibandika bango la daktari ukutani. Siku ya tano akaacha kunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Maneno yakawa yanamwisha moja moja, kama mtu anayepungukiwa na akiba ya ndani. Wiki ya tatu, nikimuuliza, "Mama, umekula?" anajibu, "Mdomo mmoja." Nikimuuliza, "Unaumwa wapi, mama?" anajibu, "Kauli moja."

Huku machozi yanamtoka.

Hospitali walisema ni uzee. Mikono inafanya kazi, miguu inafanya kazi, uzee gani unaokula maneno tu? Nilitaka mdomo wa mama yangu urudi, ikiwezekana na matusi yake yote. Sikutaka kingine duniani.

Basi jioni ile nikamwacha mama na jirani yetu, Mama Pacha, nikafuata koti.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tisa alasiri. Nilipitia mlango wa nyuma, ule wa kutolea taka, kwa sababu wa mbele una mnyororo na mimi sikuwa na muda wa kugombana na kufuli. Ukumbini mlikuwa na ule mwanga wa jioni wa kijivu, unaona ukuta lakini huoni rangi yake. Harufu ya karafuu ilinipokea. Kali mno. Na chini yake, harufu nyingine... ya mdomo wa mtu aliyelala muda mrefu bila kupiga mswaki.

Koti lilikuwa limetundikwa karibu na mlango wa chumba cha matibabu. Nikalitungua. Nikalikunja mkononi.

Tak.

Nikasimama.

Tak... tak-tak... tak.

Panya, nikajiambia. Tangu bosi awe mwanasiasa, usafi umekuwa wangu peke yangu, panya lazima watuzoee. Nikachungulia kwenye kioo cha mlango ili nijue wameingilia wapi.

Daktari alikuwa amelala kwenye kiti cha wagonjwa.

Kiti kimelazwa nyuma, simu yake kifuani ikimulika dari. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, kwa nguvu, kama mtu anayehutubia uwanja mzima. Lakini sauti haikutoka. Hata pumzi sikuisikia.

Kwenye meza ya vifaa palikuwa na makopo yangu, yamepangwa mstari, vifuniko vimefunguliwa. Meno yalikuwa yanagonga bati kwa ndani. Tak, tak-tak. Kila mara mataya ya daktari yalipoachana, yaligonga.

Na makopo yalikuwa yanasema.

Kwa kunong'ona. Sauti nyingi... ya mzee mwenye kikohozi, ya mwanamke wa duka la mikate, ya mwalimu mstaafu, zote pamoja, neno kwa neno, hotuba ya kesho. Ndugu zangu... barabara... maji... tumempata mtu wetu. Nilizijua zile sauti. Vichwa vyao nilivishika mimi. Kisha kutoka kopo la tatu nikasikia sauti moja kavu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa kila neno.

Mama.

Sauti yake ya zamani, ambayo wiki tatu sijaisikia. Ilikuwa humo ndani ya kopo nililobandika karatasi kwa mkono wangu, inamsifu yule mjinga.

Nisingeondoka hata ungenivuta kwa kamba. Honi ikalia nje, upande wa mbele. Daktari akafumba mdomo, na makopo yote yakanyamaza mara moja. Akainuka, akajifuta mate kidevuni, akachukua simu, akapita pale nilipojibanza kivulini, akaenda kuongea na dereva wake. Nilisikia mnyororo wa mlango ukifunguliwa.

Nikaingia.

Giza lilikuwa limeshaanza kukolea. Nikatandaza koti jeupe juu ya kiti, nikamimina kopo la mtaa wetu juu yake. Meno sitini, sabini. Baadhi bado yana nyama. Nikayapekua kwa vidole, midomo yangu inasoma dua bila mpangilio. Katika kupapasa mkono uligonga kopo jingine dogo, la pembeni kabisa, ambalo sikulibandika karatasi mimi. Limeandikwa kwa mwandiko wa daktari: "Wa ndani." Meno manne au matano tu. Nikalisukuma kando. Sikuwa na haja nalo.

Nikalipata la mama. Mzizi wa ndoana.

Lilikuwa na joto, kama limetoka mdomoni sasa hivi.

Nikayarudisha mengine koponi haraka, nikalikunja koti tena mkononi. Nikasikia viatu ukumbini. Viatu vya ngozi, vya mgombea. Na hapa ndipo mikono yangu iliponifanyia kile ambacho sitajisamehe. Sikuwa na muda wa kufikiri, kwa hiyo ilifikiri yenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja. Ikafunua chombo cha kuchemshia vifaa, ikadumbukiza jino katika maji, ikafunika.

Mlango ukafunguka.

"Sista. Unafanya nini gizani?"

"Nimefuata koti, daktari. Madam kanituma."

Umeme ukarudi.

Taa zikawaka zote. Na kwenye chombo cha kuchemshia, taa ndogo nyekundu nayo ikawaka. Sisi pale swichi ya chombo kile hatuizimi umeme ukikatika, tunaiacha hivyohivyo ili ukirudi kazi iendelee bila kupoteza muda. Utaratibu huo niliuanzisha mimi. Nilisifiwa kwa ajili yake.

Daktari aliegemea mlango. Akatabasamu kama kwenye bango, ila macho hayakushiriki.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, daktari."

"Nasikia anaendelea vizuri. Mtu wangu kabisa siku hizi."

Nilikusudia kumwambia: nirudishie mama yangu, shetani mkubwa wewe, mng'oa meno usiyejua kuziba. Maneno yalikuwa tayari, nimeyapanga. Nikafungua mdomo, nikajisikia nasema:

"Hongera, daktari. Kesho tunashinda."

Ni hofu, nikajiambia. Hofu humfanya mtu aseme lolote.

Nyuma yangu maji yakaanza kuimba. Kwanza kwa mbali, kama mbu. Nikapiga hatua moja kukielekea chombo.

"Hebu nione koti langu," akasema.

Nikasimama. Akalishika koti mikononi mwangu, akaligeuza kwenye mwanga, akatazama madoa madogo ya kahawia mgongoni. Alitazama kwa utulivu wa mtu anayechagua kitambaa dukani. Kisha akayatazama makopo. Kisha akanitazama mimi. Maji sasa yalikuwa yanagonga kifuniko.

"Kesho mikono itakuwa mingi ya kushika," akasema. "Hii kazi ya kujitolea ina faida zake, Sista. Watu wanadhani siasa ni kusema. Siasa ni kuwa na wa kukusemea."

Simu yangu ikalia mfukoni.

"Pokea," akasema.

Sikutaka.

"Pokea, Sista."

Ilikuwa Mama Pacha. Alikuwa hasemi, anapiga mayowe. "Njoo! Njoo nyumbani! Mama yako kashika mdomo anagaagaa chini! Mdomo unatoa mvuke! Wallahi hajanywa kitu, mimi niko naye hapa, hajanywa kitu!"

Nilimsukuma daktari. Nilifunua kifuniko, nikaingiza mkono katika maji yanayotokota, nikapapasa chini mpaka nikalipata. Vidole hivi vitatu ninavyoshikia kalamu bado vina makovu, vinateleza ninapoandika. Daktari hakunizuia. Alikuwa analikunja koti lake polepole, mkono kwa mkono.

"Nilikukataza kuyachemsha," akasema.

Alisema kama mtu anayelalamikia chai isiyo na sukari. Kisha akazima taa ya chumba akaenda zake, na mimi nikabaki nimekumbatia mkono wangu.

Hospitali walimfungua mama mdomo wakashtuka. Ulimi, fizi, mpaka kooni, yote yameungua. Midomo ya nje mizima, haina hata lengelenge. Daktari wa zamu akaniuliza kwa ukali, "Mmemnywesha maji ya moto?" Nikatikisa kichwa. Hata hivyo akaandika kwenye cheti kuwa mgonjwa amekunywa maji ya moto kwa bahati mbaya. Niliweka jino katika kiganja cha mama, akalifumbata, hakuliachia hata alipodungwa sindano ya usingizi.

Keshokutwa yake watu walipiga kura. Sitapoteza wino kueleza nani alishinda. Mji mzima ulijipanga kama ulivyojipanga kwenye kambi, ukapanua, ukatolewa.

Jioni ya matokeo, mama akiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, mtaa wote ulitoka nje. Walipiga kelele ya kaulimbiu kwa pumzi moja, wakaanza pamoja, wakaishia pamoja, hakuna aliyetangulia wala aliyechelewa. Niliangalia dirishani. Sauti zote zilikuwa na urefu mmoja. Hata watoto walinyamaza wakawa wanawatazama wazazi wao.

Nyuma yangu, kitandani, kitu kikakwaruza.

"Sufuria..."

Nikageuka.

Mama alikuwa ameketi, jino kalifumbata. Sauti yake ilikuwa imeungua, nusu yake pumzi tupu, lakini ilikuwa yake. "Sufuria-lisilo-na-mfuniko. Funga hilo dirisha. Wanapiga kelele kama mbuzi."

Nililia kama mtoto. Nilipiga magoti nikamshika miguu. Nilitaka kumweleza yote, kwamba nilimleta mimi kwenye kiti, kwamba nilimshika kichwa mimi, kwamba nimemchemsha mimi kwa mikono yangu, anisamehe. Nikafungua mdomo.

"Mdomo mmoja," nikasema. "Kauli moja."

Mama akanikazia macho.

Nikajaribu tena. Nisamehe mama. Maneno mawili tu. "Mdomo mmoja," nikasema, na safari hii niliisikia vizuri, tamu, ya furaha, sauti ya mtu wa mstari wa mbele kwenye mkutano.

Mama akanishika taya kwa mkono wake mkavu. Akanifungua mdomo, akaniinamisha kichwa kwenye mwanga, vilevile nilivyomfanyia yeye. Akatazama ndani kwa muda mrefu. Kulia, juu, mwisho kabisa.

"Na la kwako," akanong'ona, "liko wapi?"

Ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye pengo.

Mwaka jana. Gego la mwisho. Lilikuwa linaniuma kidogo tu, daktari akasema, kaa hapo Sista, wewe ni mtu wa ndani, nikutolee bure. Nilicheka, nikakaa. Nilimshukuru. Nilimshukuru nikiwa na pamba mdomoni. Nadhani alilihifadhi tu mpaka siku atakayonihitaji.

Nyani haoni kundule.

Nilikwenda polisi, nikamsifu mheshimiwa mbele ya askari wa zamu mpaka akanipigia makofi. Nilikwenda kwa sheikh na kwa mchungaji, wote wawili wananiona mwanachama shupavu. Ndiyo maana naandika. Kuandika hakupiti mdomoni, angalau mpaka sasa. Mama siku hizi anakula uji wa baridi na kunitukana asubuhi na jioni. Namjibu nilichonacho, naye ananifuta machozi.

Makopo hayapo tena kliniki. Aliyahamisha yote wiki ileile aliyoapishwa, na lile dogo la "Wa ndani" alilibeba mwenyewe mkononi, dereva aliniambia. Limewekwa kwenye rafu ya ofisi yake mpya, karibu na meza ya chai.

Juzi mke wake kanipigia tena. Hakusema tafadhali. Kasema mheshimiwa anatafuta birika la umeme la ofisini, zuri, linalochemka upesi, na kwa kuwa mimi ndiye mjuzi wa vitu vya kuchemsha, nimchagulie.

Nilitaka kusema hapana.